Skrini ya Mama Amino

Mkono ulitokeza kando ya pazia ukiwa na bisibisi, na Idarusi akaipokonya bila hata ahsante.

"Nimesema ile ndogo!" alifoka. "Yenye utepe mwekundu. Au huko ndani hamjui rangi?"

Mkono ulirudi, kisha ukaleta bisibisi ndogo. Mkoba wa vifaa Idarusi alikuwa ameusukumia nyuma ya pazia ili akabidhiwe kila kifaa, kwa kuwa fundi wa hadhi yake hakuumbwa kuinama.

Mama Amino, muuza vitambaa kwa jumla pale Eastleigh, alikaa kwenye kochi akimtazama. Alikuwa amenunua kompyuta kutoka ofisi moja iliyofungwa, halafu akapata skrini, kibodi na printa kwingine. Sasa alitaka kujua kama vitakubaliana kabla ya kuwasha. "Jina lako nimepewa na watu," alimwambia alipomwita, na Idarusi hakujisumbua kuuliza ni watu gani. Nani asiyemjua? Mwaka ule wa 1988 mafundi wa kompyuta Eastlands nzima walikuwa wa kutafuta kwa tochi, naye alikuwa na cheti cha kozi ya miezi sita. Tangu akipate, hata wajomba zake aliwaona washamba.

Alikitazama chumba kwa kinyaa. Majora ya vitambaa yalipanda mpaka dari, na kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama birika la wageni. Alikinyakua akakitupa sakafuni.

"Hii televisheni itakubaliana nayo?" Mama Amino aliuliza.

"Televisheni!" Idarusi alicheka peke yake. "Mama, televisheni ni ya kutazamia sinema. Hii inaitwa skrini."

"Haya, skrini. Kunywa chai, kijana wangu."

Aliinusa ile chai ya viungo, akaisukuma kando. Fikira zake zilikuwa Kaloleni. Wiki iliyopita mama yake alipeleka huko sinia la posa, kwa akina Lela, msichana aliyetaka kumwoa: doti ya kanga, halua na pete. Katika ukoo wa Lela jibu la posa halitamkwi. Wakikubali, sinia hurudi tupu. Wakikataa, hurudi na kila kitu kilichokwenda nacho. Jibu lilikuwa linangojwa jioni hiyo hiyo.

Idarusi hakuwahi kumwona Lela ila katika picha ndogo, ambayo aliitembeza mfukoni mpaka kingo zikakunjika. Alimtaka kwa moyo wake wote. Usiku alikosa usingizi kwa ajili yake, jambo ambalo asingemwambia mtu yeyote. Lela alipiga taipu katika ofisi mjini, msichana aliyesoma, msichana wa kujivunia, si hawa wa kujificha nyuma ya mapazia.

Alianza kazi. Aligeuza kibodi, akasogeza kitufe kidogo kilichokuwa chini yake ili ilingane na kompyuta. Printa aliijaribu peke yake, ikakoroma, ikachapa. Alipofika kwenye skrini aliiangalia nyuma, akaguna.

"Mbona plagi imeingia vizuri?" alisema Mama Amino. "Si inatosha?"

"Kuingia kitu gani! Hii skrini ni ya rangi moja. Kadi ya kutoa picha iliyo ndani ya kompyuta ni ya skrini za rangi nyingi. Matundu ni yale yale tisa, lakini ungewasha hapa ingekuungulia mbele ya macho. Nani aliyeichomeka?"

"Mtoto wetu, huyu aliye ndani. Alitaka kujaribu."

"Mwambie ajaribu ufagio. Mikono yake nimeiona, ni ya kusugulia sufuria."

Pazia lilitikisika kidogo, kisha likatulia.

"Amekosea tu," alisema Mama Amino. "Huwezi kumwonyesha? Ana hamu ya kujua."

"Mimi si mwalimu wa chekechea."

"Hata angekuwa mtu wako wa nyumbani?"

"Mtu wangu wa nyumbani hatagusa kitu asichokijua. Na akigusa, atanijua mimi."

Mama Amino alikichukua kikombe kilichokataliwa, akakinywa mwenyewe polepole.

"Kwa hiyo mtu asidanganyike kwa kuwa plagi imeingia," alisema.

"Apime kwanza, mama. Hasara huja baadaye."

"Kweli. Ni vizuri kupima."

Idarusi aliona amemwelimisha. Aliirusha ile bisibisi ndogo ya utepe mwekundu kuelekea pazia. "Tia mkobani," aliamuru, na mkono ukaiokota. Mkoba ulipotolewa aliubeba bila kuutazama ndani, akamwambia Mama Amino airudishe skrini alikoinunua, akaondoka. Alipitia kwa kinyozi, kwa maana mchumba wa Lela hakuweza kuonekana na nywele za wiki mbili.

Alifika kwao Jericho baada ya magharibi. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, na mbele yake sinia lililofunikwa kawa ile ile ya ukindu waliyopeleka nayo. Hakuwa amethubutu kuifunua.

"Wameleta sasa hivi," alisema. "Bismillahi, funua wewe mwanangu. Mimi siwezi."

"Unaogopa nini, mama? Watampata wapi mwingine kama mimi?"

Alipiga magoti, yeye asiyeinama, akaifunua kawa.

Kanga zilikuwemo, bado zimekunjwa. Halua ilikuwemo, haijaguswa hata kwa ukucha. Pete ilikuwemo. Na juu ya pete, imelazwa kwa uangalifu, bisibisi ndogo yenye utepe mwekundu.