Lori Uwanjani kwa Apolinaria

Mfaume alikuwa chali chini ya lori, kutu ikimmwagikia machoni. Swichi ya stata, ile ya kukanyaga kwa mguu, ilikuwa imeganda. Haipandi wala haishuki.

"Bado tu?" aliuliza Tobias, ofisa aliyekuja kumchukua nyumbani kwake Isevya asubuhi hiyo.

"Chuma cha zamani hakitaki pupa, bwana."

Lori lenyewe lilikuwa la enzi za mashamba ya karanga ya Urambo. Mfaume alijifunzia ufundi kwenye magari ya namna hiyo, na aliyapenda. Njiani ofisa alimwambia jambo moja tu: kuna wananchi huko mbele ya Isikizya wanahitaji usafiri, na gari limewafia mlangoni. Likamtosha. Kazi yenye watu wanaoingojea humpa fundi moyo.

Nao watu walikuwepo, wamekaa kivulini wanatazama. Walipoamriwa kusukuma, walisukuma kinyonge kama wagonjwa, gurudumu lisitoke hata mchangani. Vijana wa mgambo wa ofisa huyo wakawacheka.

"Wamechoka kungoja, maskini," Mfaume aliwaza.

Bikizee mmoja akatoka nyumba ya karibu na kata ya maji na karanga za kuchemsha. Watu walimwita Apolinaria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alichutama karibu na gurudumu. "Niambie kweli. Hili dude limekufa, au litafufuka?"

"Ondoa shaka. Litafufuka."

"Tangu juzi nasali rozari kwa ajili yake. Usingizi siujui."

Huruma ikamwingia Mfaume. "Leo hii utalipanda, bibi. Nakuahidi."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akainuka akaenda zake, kata kaisahau chini.

Swichi ilimtesa. Aliifungua, akailoweka kwenye mafuta ya taa, akaigonga taratibu kama anayeamsha mtoto. Mara mbili alitaka kumwambia ofisa kwamba haifai, kipuri kiagizwe Dar es Salaam. Fundi mwingine angesema hivyo na kurudi nyumbani mapema. Lakini macho ya yule bibi yalimkatalia. Akaendelea kugonga, akaendelea kuloweka, mpaka pini ikalegea. Akaisugua shaba kwa msasa ikang'aa, akairudisha, akapanda, akakanyaga.

Stata ikalia. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma, kuku wakatawanyika.

Mfaume akaruka chini akicheka. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliketi mchangani, akajifunika kanga usoni. Watu wa shamba hawa, hata furaha wanaionea haya! Akamwona Apolinaria kasimama mlangoni, naye akampungia mkono wenye grisi.

"Bibi! Mungu amekusikia!"

Apolinaria akarudi ndani, akakomea mlango.

Tobias akapuliza filimbi. "Haya, wote kijiji cha ujamaa! Hapa harudi mtu!" Mgambo wakauvunja ule mlango, wakamtoa bikizee akiwa ameng'ang'ania nguzo ya nyumba yake, wakamrusha juu ya lori. Na mmoja wao akawasha kiberiti, akakitia kwenye nyasi za paa.