Leza ya Mama Rukia

Tangu sheria ipite, jua likizama hakuna kutoka nje karibu na uwanja wa ndege, na madirisha yamepigiliwa mbao, leza za watu zisije zikawapofusha marubani.

“Marubani gani?” Zuwena alimfokea mumewe. “Si walitutangazia ndege siku hizi zinajiendesha zenyewe?”

“Mama Rukia, yaache hayo.”

“Siachi! Mwanangu hajawahi kuuona mwezi wa Idi!”

Magharibi ya mwezi kuandama, alizing’oa mbao, akampakata Rukia dirishani, akamwonyesha mwezi kwa leza aliyoificha siku zote kabatini. Ndege ikashuka kutua, ikinguruma juu ya mapaa.

“Na wewe shika yako!” akasema, akaimulika usoni.

Kioo cha mbele kikawaka kijani. Nyuma yake, mtu akajiziba macho kwa mikono yote miwili.