Mapigo ya Ng'ambo

Jumapili ile Paskazia hakugonga reli. Alfajiri alifagia kanisa, akaegesha mlango bila kufuli kama ilivyo desturi, akashika njia ya mtoni. Kwa miaka minne alikuwa akidanganya kwa chuma, na sasa moyo ulikuwa umechoka.

Kanisa la Mkeka Mmoja liliwahi kuwa na sharika saba bondeni. Halikumfukuza mtu. Mwenye wake watatu alikaa nao wote mkekani, mnywa kangara alikaa, wanawake walihubiri. Kisha yakaja mahema yenye vipaza sauti, yakawaeleza watu jinsi watakavyoungua, na watu wakayakimbilia. Binadamu hupenda kutishwa. Wengine walifuata kazi kwenye mashamba ya miwa. Kufikia mwaka 1996 zilikuwa zimebaki sharika mbili tu, Mchombe na Ng'ambo, mto ukiwa katikati.

Kila Jumapili saa tatu asubuhi, kila usharika uligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, pigo moja kwa kila aliyehudhuria. Mchombe walianza, Ng'ambo wakajibu. Mchombe waligonga mara kumi na mbili, Ng'ambo kumi na tano.

"Wenzetu wakipungua, tutasikia," wazee walikuwa wakisema.

Wazee hao ndio waliopungua. Mwishowe Paskazia alibaki na mumewe, kisha akabaki bila yeye. Jumapili ya kwanza ya upweke aliinua nyundo agonge mara moja, mkono ukakataa. Ng'ambo wangesikia, wangekata tamaa. Akagonga kumi na mbili, kila pigo na jina lake: Venance, aliyemzika mwenyewe, Fausta, aliyehamia hemani, Elineema, aliyekwenda kwenye miwa na hakuandika barua. Ng'ambo wakajibu, kumi na tano, wazima.

Baada ya muda alianza kuwasikia watu wake wakikohoa nyuma yake wakati wa sala. Hakugeuka. Aliogopa kuwakuta, na aliogopa zaidi kutowakuta.

Leo angewaungamia watu wa Ng'ambo uongo wake, kisha awaombe nafasi mkekani, awe wa kumi na sita. Hakutaka kufa akiwa anasali na vikohozi vya wafu.

Kwenye majaruba ya mpunga alipishana na mzee aliyekunja suruali mpaka magotini, viatu vyeusi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tuta hili linafika Mchombe?"

"Linafika. Usikate kushoto tu, kuna tope."

"Ahsante, mwanangu."

Wakaachana, kila mmoja na haraka zake.

Mtumbwi wa Kassian, mvushaji, ulikuwa upande huu huu wa mto, pondo lake bado linachuruzika maji.

"Una bahati, mama," Kassian alisema. "Siku nyingine ungeniita mpaka koo likauke. Unakwenda kwa nani?"

"Kanisani. Mkeka Mmoja."

"Wale wa kugonga chuma?"

"Hao hao. Ni wengi, eti?"

Kassian alisukuma pondo. "Mimi huwa nasikia chuma tu, mama."

Kanisa la Ng'ambo lilikuwa limefagiwa, na sakafu ya udongo imenyunyiziwa maji. Hapakuwa na mtu. Mkeka ulikuwa umetandikwa ukuta kwa ukuta, bado mzuri, isipokuwa sehemu moja ya mbele. Pale ulikuwa umechakaa kabisa, upana wa mtu mmoja.

Ukutani yaliandikwa kwa mkaa majina kumi na matano, na mbele ya kila jina kuna neno: amekufa, amehama, hemani, amekufa, amekufa. Jina la mwisho tu, Stanislaus, halikuwa na neno.

Aliketi pale palipochakaa, akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia. Miaka minne alikuwa amejibiwa na majina ya ukutani. Akajiuliza Stanislaus yuko wapi asubuhi hii, na kama naye ameondoka duniani, ni nani angemwandikia neno lake.

Nyuma yake mtu alikohoa. Safari hii aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Jua lilifika dirishani. Ilikuwa saa tatu. Kutoka kule Mchombe, kwenye kanisa aliloliacha tupu, reli ililia.

Paskazia alisubiri pigo la pili. Halikuja.