Rangi Nyeupe Kwenye Mkanda

"Mwalimu, usinitie wazimu!" fundi alifoka, akaibamiza spana mezani. "Pikipiki ya Kiitaliano haina ubovu. Wabovu ni nyie wenye nazo! Mkanda wa injini unabadilishwa kila miaka miwili, hata kama pikipiki imelala tu ndani."

"Na kila miaka miwili nimekuletea wewe," mwalimu alisema. Mkono wake uliovunjika ulikuwa kwenye plasta tangu injini ilipokwama ghafla barabarani ikamrusha mtaroni. "Miaka kumi na minane haijawahi kunilaza njiani. Daftari la sevisi hilo hapo, mwandiko ni wako."

"Basi kuna fundi uchwara uliyempelekea, akaichokonoa. Ngoja nikuonyeshe kazi yake!"

Alifungua kifuniko kwa hasira hadi skrubu moja ikarukia uvunguni. Mkanda ulikuwa umekatika, meno yake yamelika yote. Akauchomoa, akaugeuza.

Kila mkanda aliofunga, fundi aliuandikia mwaka kwa rangi nyeupe. Huu nao ulikuwa na mwaka, kwa mkono wake mwenyewe: miaka sita iliyopita.

Desturi yake ilikuwa kujaza daftari kwanza, kazi ifuate. Mara mbili za mwisho mkanda mpya ulichelewa kufika. Mara mbili kazi haikufuata.

"Enhe," mwalimu alisema, akiinuka kwenye benchi. "Ni kazi ya nani hiyo?"

Fundi alimpa mgongo. Kidole gumba chake, kimelowa petroli, kilikuwa tayari kinaisugua ile rangi.