Kura ya Kumi na Tatu

Mji ule ulikuwa na haki ya kupeleka mbunge mmoja, na wapiga kura wake walikuwa kumi na watatu tu, wote wapangaji wa Bwana Harithi. Kila mtu alitaja jina kwa mdomo mbele ya karani, Bwana Harithi akiwa ameketi pembeni akisikiliza. Bunge lilikwisha kumpokea babake, kisha kakake, na sasa ilikuwa zamu ya mpwa wake.

Zaidi, fundi viatu, alikuwa wa mwisho. Asubuhi alimwambia mkewe kwamba angependa kumtaja mwalimu Shomvi, lakini wakifukuzwa watoto watalala wapi?

“Kwa dada yangu,” Mwanaidi alijibu huku akikunja mikeka. “Ila usinirudie hapa umemeza maneno yako.”

Sasa karani alichovya kalamu. “Zaidi, unamchagua nani?”

“Haraka, mwanangu,” Bwana Harithi alisema kwa upole. “Pilau inapoa.”

“Mwalimu Shomvi.”

“Rudia,” karani alisema.

Akarudia.

Daftari lilikuwa na safu ya jina moja tu, tangu enzi za babake Bwana Harithi. Karani akaanza kutafuta rula, na wale kumi na wawili, waliokwisha kufika mlangoni, wakarudi kutazama.