Supu ya Ratu

Bakuli lilirudi tupu tena, hata mifupa haikubaki.

"Mzee kala yote," alisema Vilikesa, mkuu wa kijiji, akiwa ameuziba mlango wa nyumba ya chifu kwa tumbo lake. "Kalalamikia kitu kimoja tu. Ndimu haikutosha."

"Nitaongeza, shemeji," Apisai alijibu.

"Ongeza na tui. Mgonjwa anataka nguvu."

Apisai alilipokea bakuli kwa mikono miwili, ameinama. Ukoo wake ndio wavuvi wa chifu tangu enzi za mababu. Alichopikiwa chifu huyo, Ratu Saimone, hakiliwi na mwingine. Atakayethubutu, koo litamvimba. Ndivyo walivyolelewa wote wawili, yeye na Vilikesa.

Tangu Jumatatu hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwa Ratu. Vilikesa alisema ni homa. Watu wa mashindano ya mawimbi walileta masanduku ya barafu ya kumpoza mzee, yakapitishwa mlango wa nyuma.

Huko nje kwenye mwamba mawimbi yalikuwa yamefika, na wateleza-mawimbi wakubwa wa dunia walikuwa wamefika nayo, kila mmoja na mbao zake. Bwana Dunley, mkurugenzi wa mashindano, aliiulizia hali ya Ratu kuliko hali ya hewa. Alikuwa na sababu. Chifu akifa, mwamba hufungwa siku mia. Hakuna kuvua, hakuna kuogelea, hakuna ubao kugusa maji. Na fainali ilikuwa kesho.

Mwaka jana, siku kama hiyo, Unaisi mke wa Apisai alianza kutokwa damu. Apisai alikimbia ufukweni. Mashua zote zilikuwa mwambani, zimebeba kamera na wageni. Aliomba moja tu, ya kumfikisha hospitali. Aliyeshika redio alikuwa Vilikesa, kaka wa tumbo moja wa Unaisi.

"Mashua hazitoki mpaka fainali iishe," Vilikesa alisema. "Mwambie dada anywe maji, apumzike."

Unaisi alipumzika kweli. Kabla mshindi hajavishwa shada la maua, alikuwa amekwisha kupumzika. Wakubwa walileta msibani mkeka mmoja na hotuba mbili.

Kwa hiyo mwaka huu walimwogopa mjane huyo. Dunley alimnyima kazi ya mashua. Walinzi walipekua mtumbwi wake, wakachukua kisu na chupa ya petroli. Chungu chake hawakukigusa.

Asubuhi ya fainali Apisai alitupa wavu, akapata bunju. Samaki huyo akishikwa hujijaza upepo kama mheshimiwa jukwaani. Watoto wa pale hufundishwa kumtupa, kwa sumu ya ini lake, kabla hawajafundishwa kuogelea. Apisai hakumtupa. Alimpasua, akatoa ini, akalisaga, akalikoroga ndani ya supu ya changu pamoja na tui zito. Ndimu aliongeza.

Njiani alipita mbele ya kanisa alimofungia ndoa. Akalifunika bakuli lisipoe, akaendelea.

"Leo umewahi, shemeji," Vilikesa alisema akipokea. "Au unawahi kutazama wazungu wakipigwa na mwamba?"

"Nataka iliwe ikiwa moto."

"Italiwa. Angalia ulivyogeuka mpishi. Dada yangu alikudekeza, sasa umejifunza kwa lazima."

Apisai alicheka. Shemeji hutaniwa wala hakasiriki, ndiyo mila. Alikaa kivulini, mgongo ukutani, mpaka bakuli likatoka.

Tupu.

Mchana mawimbi yaliinuka marefu kama mnazi. Ufukweni, chini ya hema, Vilikesa aliketi mkekani karibu na Dunley, na kifuu cha yaqona, kinywaji cha mizizi, kikawa kinazunguka. Baada ya muda alianza kujifuta midomo.

"Yaqona ya leo kali," alisema. "Midomo imeingia ganzi."

"Mizizi ya kisiwa cha Kadavu hiyo, mkuu. Haina heshima kwa mtu," mmoja akamjibu. Wakacheka, wakamjazia kifuu kingine.

Yaqona hutia ganzi midomo, na ukizidisha, hata miguu. Ndiyo maana Vilikesa alipojaribu kusimama akaanguka kifudifudi, walicheka zaidi. Walinyamaza walipoona pumzi haitoki sawasawa.

Dunley alinyakua redio, akaita mashua. Kule mwambani kijana wa Hawaii alikuwa ndani ya handaki la maji, na watu wanapiga mayowe.

"Mashua hazitoki mpaka fainali iishe," redio ilijibu. "Amri ya mkuu wa kijiji."

Vilikesa alisikia. Mwili ulikuwa umekufa ganzi lakini macho yalikuwa mazima, yakageuka huku na huku yakitafuta mtu. Yakampata Apisai, aliyekuwa amechuchumaa pembeni yake.

"Kunywa maji, shemeji," Apisai alimwambia kwa upole. "Upumzike."

Pumzi ikakatika kabla honi ya mwisho haijalia.

"Kala nini huyu?" Dunley aliuliza.

"Hajala kitu leo," alisema mke wa Vilikesa, analia. "Tangu Jumatatu hali nyumbani. Anashinda kwa Ratu."

Watu wakatazamana. Bibi mmoja akaondoka mbio, akausukuma mlango wa chifu uliokuwa haufunguliwi, na kilio chake kikasikika mpaka kwenye mnara wa waamuzi. Ratu Saimone alikuwa amelazwa juu ya barafu, amekauka kama gogo.

Apisai hakugeuka kutazama. Jumapili jioni ni yeye aliyemfumba mzee macho, akatoka kimya kimya, akangoja kusikia mkuu wa kijiji atatangaza nini.