Nyota Zinazozunguka Kulia

Usiniambie hukuliona lile lori. Lilipita Makere mchana kweupe, turubai limefungwa nyuma kama limebeba magunia, na wewe ukainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe ni kandambili.

Basi nikukumbushe lilikotoka, maana mimi sisahau. Sikusahau mwaka wa sabini na mbili, tulipowapokea Warundi kutoka ng'ambo ya mto, tukawakatia mashamba, tukaposa mabinti zao. Mwaka huu wa tisini na saba tumeambiwa hatuwajui, na sisi tukaitikia: kweli, hatuwajui.

Nyuma ya kanisa la kigango chetu akina mama walikuwa wanatengeneza nyota za kupamba pango la Noeli. Walitumia mabaki tu: ukindu uliobaki kwenye mikeka, nyuzi za sweta zilizofumuliwa, vipande vya vitenge vilivyookotwa chini ya cherehani, karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Unapishanisha vipande viwili vya ukindu, unazungushia uzi, nyota inatoka.

Aline ndiye iliyemshinda. Alivuka mpaka pale Mabamba mwaka wa tisini na sita na mimba, mumewe ameuawa. Hakwenda kambi ya wakimbizi. Akajibanza kwa Yusta, ambaye mume wake yuko Uvinza kwenye kiwanda cha chumvi. Yusta alimpa chumba, akampa jembe, akawaambia watu ni wifi yake. Kiha chetu alikipata upesi, kwani na Kirundi ni mtu na nduguye. Mkono ndio uligoma. Kwetu uzi wa nyota huzungushwa kulia. Aline alifundishwa na mama yake kuzungusha kushoto, na kila akijisahau uzi unarudi kwao.

"Mkono mbishi kama mbuzi," Yusta alimwambia.

"Dada, huu mkono umezaliwa kule."

"Basi utazaliwa upya kabla ya Noeli. Buhoro, mdogo wangu, polepole. Usiutazame uzi wako. Nitazame mimi."

Akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Yeye anazungusha, Aline anafuatisha, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Jioni kwa jioni, mpaka mikono minne ikawa inakwenda kama miwili.

Haukuwa mchezo. Habari ilikuwa imeshapanda mlima kwamba watu wa msako, wanaokusanya Warundi walio nje ya kambi, wana mtu wao, Philemon, msuka vikapu. Vyeti hatuna hata sisi tunaojiita wenye nchi, na kwa sikio Mha na Mrundi utawatenganishaje? Philemon alikuwa anatazama mikono, inazungushia upande gani. Kijiji cha chini alimtoa mwanamke juu ya mkeka aliokuwa anausuka. Jirani mmoja, Castory, akasimama akasema, "Huyu namjua." Wakamjibu, kama unamjua vizuri hivyo, panda naye. Akapanda. Na lori, walisema, haliishii kambini Nduta. Linakwenda mpaka mtoni, na ng'ambo ya mto wanasubiri wale wale waliomuua mume wa Aline.

Kwetu lilifika asubuhi, akina mama wote wako kwenye jamvi. Hakuna aliyekimbia. Anayekimbia amejitaja.

Philemon alishuka, akavua kofia kwa adabu.

"Endeleeni, akina mama. Noeli haimngoji mtu."

Epifania, mkubwa wa kikundi, akajaribu kucheka. "Na wewe unataka tukufundishe nyota, baba?"

"Nataka kuona tu, mama. Nyota zenu zinasifiwa."

Akaanza kutembea nyuma ya migongo yao, na mwenye bunduki nyuma yake. Sura hakuzitazama. Akipita kwa mtu unasikia ukindu unachakarika, akishapita unasikia pumzi.

Mtoto akalia mgongoni kwa Aline. Uzi ukamponyoka. Alipoushika tena, kidole kilielekea kushoto.

Yusta, mbele yake, akakohoa.

Aline akainua macho, akatazama mikono ile aliyoizoea. Yusta akazungusha taratibu kuliko siku zote. Aline akazungusha. Yusta tena. Aline tena.

Philemon alisimama juu ya kichwa chake, akasimama mpaka mtoto akanyamaza mwenyewe.

"Mkono wa kwetu huu," akasema.

Epifania akajifuta uso kwa kitenge. Mtu mmoja mlangoni mwa kanisa akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Wewe ndiye uliyecheka. Nilikusikia.

Philemon alizunguka yale magoti manne yaliyogusana, akainama kwa Yusta, ambaye kitovu chake kimezikwa kwenye migomba ya kigango hicho hicho. Uzi wake ulikuwa unakwenda kushoto, kama kioo kinavyogeuza, ili wa Aline uende kulia. Nao haukusimama, maana Aline alikuwa bado anautazama.

"Huyu hapa," akasema Philemon.

Aline akafungua mdomo. Yusta akamtupia nyota yake mapajani.

"Nimalizie, wifi."

Yusta akapandishwa, na watu wa kijiji kizima wakakumbuka ya Castory, wakaanza kutafuta kitu cha kutazama chini.

Mvua ya jana imelikwamisha lori kwenye matope, hapo mbele ya Kibondo. Halijafika mtoni. Acha hiyo kandambili, amka, kasimame mbele ya lori useme Yusta ni binti wa nani. Ukishasema, usitoke njiani mpaka turubai lifunguliwe kwa wote.